Kikombe Mkononi mwa Baba Mkwe

Walipokuja kuniita nikamuage baba mkwe wangu, nilikuwa jikoni napepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Wifi yangu Tumpe alisimama mlangoni, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio, akasema jeneza limefunguliwa sebuleni na sasa ni zamu ya wanawake wa nyumbani. Nikamwambia nakuja, nimalizie ungo huu. "Wifi, umesema hivyo tangu chai," akasema. "Watu wameanza kuangaliana." Akaondoka, nikamsikia huko nje akimweleza mtu kwamba mama Lusako ana moyo wa jiwe, hata mzee aliyemwoza mwanawe hataki kumuaga. Sikumlaumu. Yeye ni binti wa mle ndani, alikalia mapaja ya mzee huyo tangu hajaota meno. Mimi niliingia katika mji ule nikiwa bibi harusi, nikampikia mzee yule kila siku ya Mungu miaka inayokaribia thelathini, nikajua kikohozi chake, nikajua nyayo zake na kidole cha mguu wa kushoto kilichopinda, nikajua kuwa huanza ndizi kisha maharage; lakini uso wake sikuwahi kuuona. Hata picha yake sikuwahi kuiona, maana ilitundikwa sebuleni, na sebule ile haikuwa yangu kuingia. Jina lake pia sikuwahi kulitamka, na msomaji anisamehe, hata humu sitaliandika. Nilikaa na ungo mapajani, na ule mwaka wangu wa kwanza pale ukanirudia wote.

Ulianzia Iringa, miaka ya hamsini, Uhuru ukiwa bado jambo la kunong'onwa, katika darasa la wasichana la misheni lililonuka sweta zilizoloana na kuni mbichi. Mwalimu wetu aliitwa Damari, Mbena mfupi mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na muhula ule alitufundisha nyaraka za Mtume. Siku moja alichora mtu ubaoni kwa chaki, akatugawia viungo. Huyu goti, huyu sikio, yule pua. Aliyepewa tumbo alilia mpaka chakula cha mchana. Mimi nilipewa jicho, nikavimba kichwa wiki nzima. Akatuambia kwamba habari za watu kuwa viungo vya mwili mmoja hazikuanzia kwa Mtume. Wakubwa wa Roma ya kale walikuwa na hadithi yao, ya mikono na meno vilivyoligomea tumbo mpaka mwili mzima ukadhoofika, na waliwasimulia maskini waliogoma ili warudi kazini wakanyamaze. Mtume aliichukua hadithi hiyo akaipindua: kiungo kinyonge ndicho kisichokosekana, na vile tunavyovionea haya ndivyo tunavyovivika vizuri zaidi. Mwezi uleule alikuja Mzungu mmoja mwenye shamba la tumbaku kutuhubiria, akasema mkono usishindane na kichwa, kila kiungo kikae mahali pake. Mwalimu Damari alimsikiliza amekunja mikono. Jioni, tukiwa kwenye uji, akatuuliza, "Mmemsikia? Huyo kasoma ile ya Roma."

Zilikuwapo nyaraka nyingine pia, kwa watu wa Efeso na wa Kolosai, ambamo Kristo ndiye kichwa na mwili wote unaning'inia kwake kwa viungo na mishipa, unakua kimyakimya kama boga. Hizo nilizisoma kwa adabu. Niliyoupenda ni ule wa Korintho, kwa sababu mle viungo vinasemezana, vinachokozana kama watu wa nyumba moja. Mguu unanung'unika kwamba si mkono. Jicho linaonywa lisiuambie mkono kwamba halina haja nao. Nilidhani nimeuelewa. Leo nikiwafundisha kina mama wa kanisani kwetu waraka huohuo, huwa nawaambia wasiamini kwamba wanaujua mpaka siku utakapowageukia wenyewe.

Kabla ya mwaka kwisha nikaolewa na Ambakisye, seremala Mnyakyusa aliyekuja kututengenezea mabenchi, nikapanda lori naye mpaka Mbeya, kisha kwa miguu hadi kwao milimani. Asubuhi yangu ya kwanza pale nilitumwa maji. Ukungu ulikuwa mzito, njia nyembamba katikati ya migomba. Nikasikia mtu anakuja. Kwetu mke mgeni akikutana na mkubwa njiani hupiga goti, akainamisha uso, akaamkia. Nikatua mtungi, nikapiga goti katikati ya njia, macho chini, nikasema, "Kamwene, baba." Niliona miguu miwili mikavu, kidole kimoja kimepinda. Ikasimama. Halafu ikageuka na kutimua mbio. Mzee wa kanisa, mtu mwenye mvi na kofia yake, aliingia migombani kama aliyevamiwa na nyuki, na kofia ikabaki imening'inia kwenye jani.

Nilirudi jikoni nimechanganyikiwa. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Nilipomweleza, kisu kilimtoka mkononi.

"Mwe! Umemwamkia?"

"Nimemwamkia, mama. Kwetu ndiyo heshima."

"Kwetu heshima ni kukimbia, mwanangu. Mkwe haonani na mkwe. Ukisikia anakohoa, ingia kwenye migomba, geuka, chuchumaa mpaka apite. Nyumba yake usiingie. Jina usitaje. Na macho, macho ndiyo mabaya kabisa."

"Nikimwona itakuwaje?"

Akaokota kisu, akakifuta kwenye kaniki yake. "Tumbo linafunga," akasema. "Au linashika halafu linatoa."

Nilicheka moyoni, msomi wa Iringa mimi. Mvua za kwanza hazijanyesha, mimba yangu ya kwanza ikatoka. Hakuna aliyenilaumu usoni. Lakini jiko letu la mianzi lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa ya wakwe, na sauti zilipita humo kama moshi. Niliwasikia dada zake mama mkwe, waliokuja kunipa pole, wakisemezana chinichini: huyu wa Iringa alimsimamisha baba yake njiani, atawafungia watu nyumba, arudishwe kwao mapema kabla mwana hajamzoea. Lisemwalo lipo. Ambakisye wakati huo alikuwa Rujewa, akiwatengenezea wafanyabiashara wa mpunga milango ya maghala, na alikuja nyumbani kwa nadra. Alipokuja aliniambia hayo ni maneno ya wazee tu. Kesho yake akakata mianzi, akauinua uzio wa njia yangu ya kisimani mpaka ukanipita kimo.

Kisha nikashika mimba tena. Tangu hapo niliishi kwa masikio. Nilijifunza kutofautisha kikohozi chake na cha watu wengine wote wa kijiji. Yeye naye, maskini, alikohoa kila alipofika kona, hata alipokuwa mzima wa mapafu. Nilichuchumaa migombani na ndoo kichwani, mgongo kwenye njia, nikihesabu hatua zake zikipita, mkono tumboni. Kichwa changu hakikuyaamini mambo yale. Tumbo langu liliyaamini. Kila asubuhi kabla ya kuinuka nilisubiri mtoto acheze, na siku alipochelewa kidogo nililala pale nimekauka, nikiuliza jana nilitazama wapi.

Hofu kubwa ilikuja na Meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa mmoja kwa milima mingi, akitufikia mara chache kwa mwaka. Yeye aligawa mkate, na kikombe cha divai kilibebwa na wazee wa kanisa wawili, mmoja upande wa wanaume na mwingine upande wa wanawake. Mzee wa upande wetu akahamia kwa mwanawe Chunya. Akabaki mzee mmoja wa kubeba kikombe pande zote mbili, na huyo alikuwa baba mkwe wangu. Wakwe zake wengine walikuwa hawajabatizwa bado, Meza haikuwahusu. Nilikuwa mimi peke yangu. Mara ya kwanza nikasingizia homa. Mara ya pili nikasingizia mguu. Kijijini kwetu mtu asiyeijia Meza ana dhambi anayoificha, na watu wakaanza kuitafuta dhambi yangu kwa niaba yangu.

Mara ya tatu ilipokaribia, Mchungaji alifika siku moja kabla, kama kawaida, kutuuliza mmoja mmoja. Alikaa katika chumba kidogo cha nyuma ya kanisa chenye meza na kigoda. Alikuwa Mbena kutoka Njombe, na nilipoingia moyo ulinipoa kidogo, nikadhani nimempata mtu wa kwetu.

"Dada, umeikosa Meza mara mbili," akasema. "Una jambo na nani?"

Nikamweleza yote, mpaka ile asubuhi ya ukungu na mimba iliyotoka. Alinisikiliza vizuri. Kisha akafungua Kitabu chake palepale nilipopajua kwa moyo.

"Wewe umesoma. Mwili ni mmoja. Jicho litauambia mkono sikuhitaji?"

"Haliwezi, baba mchungaji."

"Basi. Mezani hakuna mkwe. Kesho usipopokea, nitakutenga kama wanaotengwa wengine, na huyo aliye tumboni hatabatizwa mpaka urudi kundini. Sikuonei. Nikikuacha wewe, kesho nitaacha nani?"

Nilitoka. Maneno niliyoyapenda kuliko yote yalikuwa yamenigeukia yakiwa na makali. Nikienda, na mtoto akatoka, nitarudishwa Iringa nikiwa mwanamke aliyeua mara mbili kwa macho yake. Nisipoenda, nitakalishwa benchi la nyuma na waliotengwa, na mwanangu atazaliwa nje. Na hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa baba mkwe, aliyehusika mwenyewe, hatukuweza kusemezana naye hata salamu.

Nilimkuta mama mkwe anapasua kuku wa Mchungaji, maana kila alipofika alilala katika nyumba yetu kubwa. Nikamwambia aliyoyasema Mchungaji, na nikaongeza ya kwangu kwa hasira: kama kweli sisi ni viungo vya mwili mmoja, mbona nyumbani humu tunafichana kama wezi?

Akaendelea kupasua. Akatoa ini, akaliweka kiganjani mwake, jekundu, lina mvuke.

"Hili ni ini lake," akasema. "Wewe umeshaona la kwako?"

"La kwangu nitalionaje, mama?"

"Unalo lakini?"

"Ninalo."

"Linakulisha?"

"Linanilisha."

"Na hamjaonana hata siku moja. Siku jicho lako likionana na ini lako, mwanangu, jua wamekuchinja." Akalitia ini kwenye bakuli. "Mwili ndivyo ulivyo. Kuna vya nje, kuna vya ndani. Baba yako anakula ugali wako, wewe unalala kwenye mji wake. Nani kakwambia tumefichana?"

"Lakini Mtume kataja jicho na mkono, mama. Ini hakulitaja."

"Basi alisahau," akasema mama mkwe, akaniambia nichochee moto.

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sijakubaliana naye kabisa. Katika mwili ule wa kwake, mimi ndiye niliyechuchumaa matopeni. Hilo sikulisema siku ile, ila hulisema sasa darasani kwangu, na mabinti hucheka. Hata hivyo sijapata kusikia mhubiri aliyenieleza waraka ule kwa namna iliyonikaa kama kile kipande cha ini.

Alasiri ile, Mchungaji akiwa bado kanisani anahoji watu, nilikuwa peke yangu jikoni nikisikia kitu cha ajabu kupitia ukuta. Hatua za polepole zenye kuburuza. Kisha maji yakamwagika chini.

"Umemwaga tena," sauti ya mama mkwe.

"Naona giza tu," baba mkwe akajibu.

"Tulia. Anza tena kutoka mlangoni."

Hatua zikaanza upya. Kitu kikagonga stuli. Maji yakamwagika tena, na nikamsikia mzee anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa siku kadhaa nilikuwa nikisikia maji yakimwagwa nyumba kubwa, nikadhani wanaosha sakafu. Mzee anapofuka, nikajiambia. Macho yamemwisha, wanamficha, na atakayetajwa kuwa ndiye chanzo ni mimi niliyepiga goti mbele yake. Mtoto hakucheza tena mpaka jua lilipozama, au labda alicheza, ila mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Kesho yake nilivaa khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani mpaka kwenye paji la uso. Niliamua kwenda. Siwezi kusema ilikuwa imani. Nilihofia pande zote mbili, na upande huu angalau mtoto angekuwa na jina. Tulipoitwa, wanawake tulisimama mbele kwa mstari, na mimi nikajiweka mwisho kabisa. Mkate wa Mchungaji ukapita, nikaupokea. Kisha nikaisikia miguu. Nilijua kila alipofika: kwa mama Sekela, kwa bibi yule kiziwi, kwa jirani yangu wa kulia. Miguu ikafika mbele yangu, safari hii ndani ya viatu vilivyopakwa mafuta. Nikasubiri kikombe, hakikuja.

Kisha mama Sekela, ambaye hakuwahi kunyamaza katika maisha yake, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Kafumba macho!"

Kikombe kilishuka polepole mbele ya uso wangu. Kilikuwa kinapapasa hewani. Kilikuja kushoto mno, kikasita, kikarudi. Nikaona mikono yake kwa mara ya kwanza kwa karibu, mikubwa, kucha zimekatwa, mishipa imesimama kwa jitihada ya kutomwaga. Hapo ndipo nilipoelewa maji yale yote ya nyumba kubwa. Mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa milima ile yote, alikuwa amejifungia na bakuli la maji akijifundisha kutembea kipofu, anamwaga na kuanza tena mbele ya mkewe, ili mimi nisikose. Nilinyanyua mikono miwili nikakishika kikombe, na vidole vyangu vikaangukia juu ya vyake. Vilikuwa vya baridi, vinatetemeka kuliko vyangu. Kumbe naye aliogopa. Mwaka mzima nilidhani mwenye hofu katika mji ule ni mimi peke yangu. Nikanywa, tone moja likadondoka kwenye khanga, nami nikalia nikiwa nimeinamisha kichwa, sikujali nani anaona.

Mchungaji aliendelea na sala, na kwa hilo namheshimu. Mabibi wengine walinung'unika kwamba mkono ni mkono, macho yafumbwe yasifumbwe. Nilipomuuliza mama mkwe kwa nini hakunidokeza, alisema, "Alinikataza. Alisema asipoweza, aibu iwe yake." Hofu haikuniacha siku ile. Ilinifuata mpaka miezi ya baridi, umande ukiganda kwenye majani, nilipojifungua mtoto wa kike ndani ya jiko lilelile la mianzi. Alipolia, mama mkwe alimgeuza mwangani, akapiga kofi paja lake mwenyewe. "Mwe! Jamani, sura ya babu yake hii!" Kila aliyekuja akasema hivyohivyo. Nami nikaitikia, ndiyo, kafanana naye, kama mtu anayesifu mji ambao hajaufika. Tukambatiza Lusako. Baba mkwe akaendelea kukohoa kwenye kona, nami nikaendelea kuingia migombani, miaka na miaka, hata wake za shemeji zangu waliokuja baadaye walipoanza kumwamkia mezani na kupiga naye picha. Waliniuliza kwa nini siachi. Tulikuwa tumeshapatana yetu siku ile ya kikombe, na hakuna kati yetu aliyetaka kuivunja.

Ndiyo maana nilikaa na ule ungo. Mwishowe aliyekuja kunitoa alikuwa Lusako mwenyewe, mama wa watoto sasa, aliyesafiri kutoka Iringa anakofundisha. Hakunisema. Alichukua ungo, akanishika mkono, akanivusha kizingiti cha sebule ile ambayo sikuwahi kuikanyaga. Watu wakatupisha. Picha ukutani sikuitazama. Nilitembea macho chini mpaka nikaona ubao wa jeneza, kisha shuka, kisha mikono ile imepangwa kifuani, nikaitambua. Halafu nikainua macho.

Alikuwa amefumba macho, kama siku ile. Paji la uso pana, nyusi zilizokaribia kukutana, mdomo wa chini uliotokeza kidogo kana kwamba anataka kubisha. Nilikuwa nimeuosha uso ule kwenye karai. Nilikuwa nimeulisha uji, nimeupaka mafuta, nimeuchapa kofi siku ulipodanganya, nimeubusu shuleni mlangoni. Nilimgeukia Lusako, nikamshika kidevu mbele ya watu wote, nikamtazama, nikarudi kwa mzee, nikamtazama tena mwanangu.

"Mama, vipi?" akaniuliza kwa wasiwasi. "Ukae?"

"Hapana," nikamwambia. "Namuaga baba yangu."